Anti, mwenzangu anataka tukope tununue kamera za podikasti, na wasikilizaji wenyewe hatuna

Shikamoo anti,

Mi ni dada wa miaka 27, naishi Tabata, nauza duka la vifaa vya umeme, na tangu mwaka jana mimi na shoga yangu tunafanya podikasti ya maisha ya kupanga hapa Dar. Yani yale yote mpangaji anayopitia, madalali, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwenye nyumba anayekugongea alfajiri, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kuchangia wakati mwenzako ana friji na pasi na wewe una taa moja na chaja, choo cha watu nane, vitu kama hivo. Tunarekodi Jumapili chumbani kwangu kwa simu, mi ndo naediti kwenye laptop yangu ya mtumba, yeye ndo anaposti na akaunti zote alifungua yeye kwa imeili yake.

Wasikilizaji anti ni wachache. Thelathini, arobaini, tukijitahidi sana hamsini, na humo ndani kuna ndugu zetu. Kipindi cha LUKU peke yake kilivuka mia mbili sijui kwa nini, tukafurahi, kilichofuata tukarudi palepale. Kila kipindi kinafika saa moja na dakika ishirini hivi maana tukianza kuongea tunanogewa.

Sasa mwenzangu anasema mada yetu ni ndogo, tuhamie kwenye mastaa na udaku ndo kuna vyuzi, na kwamba Bongo hakuna mtu anasikiliza sauti tupu, watu wanataka video. Amepata mtu wa mkopo, wale wa kausha damu, marejesho kila siku, anataka tuchukue wote wawili tununue kamera mbili, taa na zile maiki kubwa za kwenye stendi, anasema YouTube itarudisha hela ndani ya miezi mitatu. Nikisita anasema namrudisha nyuma. Mchumba wangu naye anasema niachane nayo kabisa, Jumapili zangu zinaisha bure.

Mi hii kitu naipenda anti. Kuna dada simjui alitutumia meseji, akasema alisikiliza kipindi cha madalali yuko kwenye daladala anaenda kuonyeshwa chumba, alivofika akagoma kutoa hela mpaka aonane na mwenye nyumba, na kumbe chumba kilikuwa na mtu tayari. Ile meseji nimeitunza.

Naomba unisaidie, tukope au tusikope, tubadilishe mada au tubaki, na wasikilizaji wanaongezekaje? Linki nimekuwekea usikilize mwenyewe.

Mpangaji wa Tabata

Jibu la Anti

Marahaba mwanangu. Nimesikiliza, na sio kimoja, nimesikiliza vingi, nikiwa napika na nikiwa nimekaa na hedfoni kama nilivokuwa nakaa miaka yote niliyokuwa fundi mitambo redioni. Naanza na lile la hatari.

Usikope. Mwambie mwenzako leo, kwa upole lakini bila kuzunguka. Mkopo wa marejesho ya kila siku unataka biashara inayoingiza hela kila siku, na podikasti haiko hivo hata ikifanikiwa. YouTube ili uanze kugawana nao hela ya matangazo wanataka wanaosabskraibu 1,000 na masaa 4,000 ya watu kuangalia ndani ya miezi 12 (kuna ngazi ya chini ya watu 500 na masaa 3,000 ila hiyo inakufungulia kuchangiwa na mashabiki, matangazo bado), na hata ukishafika, hela haitumwi mpaka ifikishe dola 100. Wewe una wasikilizaji arobaini. Mwenye mkopo anakuja kesho yake asubuhi, YouTube inakuja haijulikani lini, hapo katikati mtauza hizo kamera kwa bei ya kutupa na urafiki utakuwa umeisha. Mshahara wako wa dukani usiuweke rehani kwa hili.

Na kamera haiwezi kutibu ugonjwa mlionao, maana nimeuona na hauhusiani na picha.

Chukua kile cha LUKU mnachosema hamjui kwa nini kilipanda. Mi najua. Jina lake mmeandika "Mmoja ana friji, LUKU mnagawanaje?" Vingine mmeandika "Episodi ya 7, stori za hapa na pale", "Episodi ya 9, tumerudi tena". Mtu aliyepo Mbagala amegombana na jirani usiku huu kwa sababu ya umeme, akiandika shida yake kwenye simu anaweza kukutana na kile cha kwanza, hicho cha tisa hawezi kukutana nacho maisha. Alafu ni kipindi pekee mlichoingia moja kwa moja kwenye jambo. Yule dada mgeni anaanza tu kueleza alivokuwa anaandika yuniti ukutani kwa mkaa kila usiku kabla ya kulala, mpaka akagundua zinaliwa saa za mchana yeye yuko kazini, na jirani anakataa, na akaleta fundi wakafunga sabmita, ile mita ndogo ya kila chumba. Nilizima jiko nikasimama kusikiliza. Hicho mlichokifanya pale ndo kipindi, mwanangu. Hamkukibahatisha, mlikifanya vizuri bila kujua, sasa kifanyeni mkijua.

Vile vingine vinaanzaje? Wimbo wa msanii mkubwa nusu dakika nzima, mnasalimiana, mnaulizana mmekula nini, mnacheka kitu kilichotokea kabla hamjawasha kurekodi ambacho sisi hatukijui, mnaomba watu wasabskraibu, na jambo lenyewe linaanza dakika ya tisa. Ingia Spotify for Creators, kuna mchoro unaoonyesha watu wanashukia dakika gani, kwenye YouTube Studio upo pia. Angalia wenyewe wawili mkiwa pamoja, sitaki mniamini mimi, mtaona mstari unavoporomoka mwanzoni halafu wale wachache waliovumilia wanakaa mpaka mbali. Kwa hiyo wasikilizaji mnawapata, ila mnawapotezea mlangoni. Kipindi kijacho anzeni na sentensi ya mgeni iliyo moto kuliko zote, sekunde ishirini, ndo mseme nyie ni kina nani na leo mnajibu swali gani, kisha mwendelee. Salamu zenu ndefu ziacheni kwenye laptop.

Na huo wimbo utoeni kabisa. Wimbo wa mtu una haki zake, YouTube wana mfumo unaoutambua wenyewe na mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato au kufungia video yenu, na hata sehemu ambayo mashine haioni bado ni mali ya mtu. Tafuteni kijana wa kinanda hapo mtaani awapigie jingo ya sekunde kumi, mlipeni, aandike kwenye karatasi kwamba amewaruhusu kuitumia.

Sasa mada. Mwenzako anasema ni ndogo, mi nasema sijawahi kusikia mada kubwa kama hiyo ikiachwa wazi namna hii. Dar nzima watu wanahama, wanatafutiwa vyumba na madalali, wanatoa kodi ya mwezi mzima kumlipa dalali, wanasaini mikataba hawajaisoma, na hakuna anayewaeleza kwa lugha yao ukifika site uulize nini. Udaku kuna watu wameshaujaza, wana waandishi, wana watu wa kuwapigia simu saa nane usiku staa akifumaniwa, nyie mtakuwa mnasimulia walichoposti wao jana. Na hapo kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na kusambaza taarifa za uongo ni kosa humo, sasa nyie mnaanza vipi na stori za watu ambazo hamwezi kuzithibitisha? Najua mwenzako atakutajia wenye podikasti zao kama Salama Jabir, au Adelle Onyango wa Kenya na Legally Clueless yake. Ni wazuri, nawaheshimu wote wawili, lakini Salama tulishamjua kwenye TV miaka mingi kabla, na Adelle alishakuwa sauti ya asubuhi kwenye redio Nairobi. Walikuja na watu wao. Nyie watu wenu mnawatafuta mmojammoja, na anayetafuta mmojammoja anahitaji shida inayoeleweka kwa jina.

Ila kwenye hiyo mada yenu kuna kitu kimenitia wasiwasi. Kipindi cha mwenye nyumba wa Kinyerezi mmetaja jina lake na mtaa. Ondoeni hicho kipande leo hii. Hata kama aliyesimulia anasema kweli, yule mzee hakuwepo kujitetea, na mpangaji mwenyewe anaweza kutolewa vitu nje wiki hiyohiyo. Semeni "mwenye nyumba mmoja", inatosha, utamu haupungui. Na mgeni kabla hajaongea mwambie itakwenda wapi na umuulize kama anataka jina lake litajwe, jibu lake lirekodi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, msijifanye haiwahusu kwa vile mnarekodia chumbani. Halafu mmoja wenu awasiliane na TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, aeleze mnafanya kipindi cha namna gani aulize kama kinahitaji leseni, kwa sababu kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018, zikatungwa upya 2020 na zimeguswaguswa tena baada ya hapo, kwa hiyo msitegemee alichowaambia mtu wa miaka ya nyuma. Mkigeukia habari na matukio ndo kabisa mnaingia kwenye macho yao.

Urefu na MB, hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu wengi wanaoanza hawalifikirii kabisa. Faili lenu ni stereo, yani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, kilobiti 192 kwa sekunde, saa moja na dakika ishirini, hiyo ni karibu MB 115. Huyo dada wa kwenye daladala ana bando la siku, na bado anataka WhatsApp na TikTok yake, MB 115 anazitoa wapi? Maongezi ya watu wawili hayahitaji stereo. Toeni mono, njia moja tu, kilobiti 64, kipindi cha dakika 25, inakuja kama MB 12 tu na sauti ya mtu inasikika safi. Mkinogewa mkafika saa nzima sawa, kateni viwe vipindi viwili vyenye majina mawili.

Sauti sasa. Maiki kubwa za stendi nyingi zinazouzwa na hizo seti za YouTube zikikaa mbali na mdomo zinanasa kila kitu, kwenye chumba chako cha bati na feni zitanasa mvua, jogoo wa jirani na bodaboda inayopita, utakuwa umekopa ili kelele zisikike vizuri zaidi. Nunueni kwa hela yenu wenyewe maiki mbili za kubana kifuani za waya, mfano Boya BY-M1 zipo tele Kariakoo, ina waya wa mita sita na swichi ya kuchagua simu au kamera (watu wanasahau hiyo swichi wanasema maiki mbovu). Kila mmoja arekodi kwenye simu yake, mwanzoni pigeni kofi moja kubwa ili ukija kuediti ulinganishe makofi mawili. Simu ziwe kwenye mfumo wa ndege. Feni zima, ndiyo, mtatoka jasho. Nimesikia sauti zenu zinagonga ukuta zinarudi, kwa hiyo msikae mkielekea ukuta mtupu, kaeni kitandani mkielekea kabati wazi lenye nguo, na blanketi nzito mtundike nyuma ya mlango. Kabla hamjaanza kaeni kimya sekunde kumi mkiwa mnarekodi, huo ukimya ndo unaupa Audacity, programu ya kuediti sauti, iujifunze kisha iondoe mvumo, ila iondoe kidogo, ukizidisha mnasikika kama mko ndani ya pipa. Mwisho weka kiwango cha sauti -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), ndo Apple Podcasts wanachopendekeza, ili mtu asihangaike kupandisha na kushusha kila akihama kipindi kimoja kwenda kingine. Audacity ni ya bure na hiyo kazi inaifanya yenyewe.

Mgeni akiwa mbali, Mbeya au Muscat, msirekodi simu ya WhatsApp kwa spika. Mwambie aweke simu nyingine pembeni ajirekodi na kinasa sauti cha simu, akimaliza akutumie kama dokumenti, sio voisi, voisi inabanwa sana.

Kuhusu wasikilizaji kuongezeka, kwanza mkikuta video ya YouTube inayosema mpeleke podikasti Google Podcasts, hiyo video ni ya zamani, Google Podcasts ilifungwa 2024. Spotify mpo, hakikisheni na Apple Podcasts mpo, na YouTube wekeni sauti na picha moja tu ya jalada, inakubalika, hamhitaji kamera kwa hilo. Lakini watu wenu hawapo huko hasa. Wapo WhatsApp. Katika kila kipindi kata kipande cha dakika moja chenye jambo zima ndani yake, sio tangazo la kusema "sikilizeni kipindi chetu", nataka mtu akisikia hiyo dakika moja peke yake awe ameshapata kitu, kama swali la kumuuliza dalali kabla hujatoa nauli. Kiwekeni stetasi, na kwenye magrupu ya wapangaji na ya kazini mliyomo tayari, pamoja na faili dogo la kipindi kizima. Ukitumia orodha ya broadcast kumbuka moja inabeba watu 256 na ambaye hajaseivu namba yako hapati kitu, kwa hiyo mwombe mtu aiseivu kwanza. Na kila mwisho wa kipindi ulizeni swali moja wajibu kwa voisi, mkipata voisi tatu nzuri tayari mna kipindi kijacho na hao watatu watamtumia kila wanayemjua maana sauti yao imetoka. Redio za jamii zimeishi kwa njia hii siku zote, simu za wasikilizaji.

Yule dada wa kwenye daladala mpigieni. Nashangaa mmetunza meseji yake na hamjamuita. Aje aeleze mwanzo mpaka mwisho, dalali alisema nini, alishtuka wapi, aliyekuwa anaishi mle ndani alisemaje mlango ulipofunguliwa.

Hela ipo, ila ipo karibu kuliko YouTube. Anayehama anahitaji kirikuu, godoro, mapazia, kitasa kipya, mtungi wa gesi. Mtu mwenye kirikuu mbili tatu anayehamisha watu Tabata na Segerea akitajwa kwenye kipindi kinachosikilizwa na watu mia mbili wanaotafuta chumba, anapata kazi. Nenda kwake na kipindi kimoja mkononi, mpe matangazo mawili ya bure, wateja waseme wamesikia wapi, akishaona wanakuja ndo mzungumze bei. Na bosi wako wa dukani anauza sabmita, umeshamwambia?

Sasa mwenzako. Nimesikia mnavoongea, yeye ndo ana kicheko na maswali ya papo kwa papo, wewe una utulivu, msipoteane kirahisi. Lakini akaunti zote ziko kwenye imeili yake, na akaunti ya pale mnapopandishia vipindi ndo inayoshika ile RSS inayovisambaza kwingine kote, anayeishika ndo mwenye podikasti. Fungueni imeili ya podikasti, wote mna neno la siri, hamisheni kila kitu huko. Kisha karatasi moja, jina ni la nani mmoja akiondoka, vipindi vya zamani vinabaki wapi, hela ikiingia mnagawanaje baada ya kutoa gharama. Fanyeni wakati bado mnapendana. Akikataa hata hiyo imeili ya pamoja, hapo mwanangu umepata jibu lingine kabisa, nakala za rekodi zote ziweke kwako kabla hamjagombana.

Kama bado ana hamu na udaku au video, asizuiwe, afungue yake kwa hela yake na wewe ukamsapoti. Hii ya wapangaji ibaki ilivyo.

Mchumba wako naye ana haki ya Jumapili zake. Acheni kurekodi kila wiki. Fanyeni msimu wa vipindi sita, vyote kuhusu kuhama tu, tangu kutafuta dalali mpaka usiku wa kwanza chumba kipya, mrekodi viwiliviwili kwa siku, mpumzike mwezi. Hapo unampa Jumapili zake na wewe unapumua, na kipindi hakikufii mikononi kwa uchovu, ambao ndo unaoua podikasti nyingi.

Msimu ukiisha niandikie tena, usinitajie jumla ya wasikilizaji, niambie ni kipindi gani wengi walifika mwisho na ni dakika ipi walitoka, tuanzie hapo.

Anti